Maji kwanza, dawa baadaye: kutunza boriti, mlango na roshani ya nyumba ya Mombasa

Dari ya chumba cha nyuma cha nyumba yetu Kibokoni ina boriti 19. Nazijua moja moja kwa sababu nimezigonga zote kwa nyundo. Ya saba kutoka mlangoni ndiyo iliyonifunza kazi hii. Kwa macho ilikuwa nzima: imenyooka, nyeusi kwa moshi wa miaka mingi ya jiko la makaa. Nikachukua bisibisi, nikaisukuma pale boriti inapoingia ukutani, taratibu tu, kama unavyochoma mkate wa sinia kujua kama umeiva. Ikazama hadi mpini. Ilipotoka ilitoka na tope la kahawia, na mchwa watatu weupe wakihangaika juu ya chuma.

Mpaka siku hiyo tulikuwa tumelipa watu wa dawa mara mbili. Kila mara mchwa walipotea miezi kadhaa, kisha wakarudi palepale. Mzee tuliyemwita baadaye, fundi aliyelelewa na kazi ya majahazi kabla ya kuingia kazi ya nyumba, hakuwatazama mchwa kabisa. Aliweka kiganja ukutani, akakiacha hapo kidogo, akauliza bafu la juu linamwaga wapi. Kisha akaniambia: "Mwanangu, wauwa mchwa na mai wayaata?" Yaani, unaua mchwa na maji unayaacha?

Bomba la bafu lilikuwa limepasuka ndani ya ukuta. Lilivuja kidogo kidogo, bila tone kuonekana chumbani, na vichwa vya boriti vilikuwa vikiyanywa maji hayo usiku na mchana. Tulipoziba bomba na ukuta ukakauka, dawa ya mara ya tatu ndiyo iliyoshika, na mpaka leo imeshika.

Kwa hiyo mwongozo huu unafuata mpango wa yule mzee. Kwanza maji, halafu mdudu, halafu ndio mafuta na rangi. Wengi wetu twaanza mwisho kwa sababu kopo la vanishi ni rahisi kununua kuliko kupanda juu ya paa. Nimeandika nikifikiria nyumba za mawe na boriti za Mji wa Kale, lakini mwenye nyumba ya mbao Likoni au banda la nguzo na makuti Mtwapa atakuta mengi yanayomhusu. Mti ni mti, na hewa ya chumvi ni ileile.

Ujue upande unaopigwa

Nyumba ya Mombasa haizeeki sawasawa pande zote. Kusi huvuma kuanzia mwezi wa nne hadi wa tisa hivi, na ndiyo inayokuja na masika. Mvua yake haianguki wima, inasukumwa na upepo mpaka ikaingia chini ya bati na nyuma ya mbao. Mwezi wa tano ndio mwezi wa mvua nyingi kuliko yote. Kaskazi, kati ya mwezi wa kumi na moja na wa tatu, huleta jua kali na ukavu, hasa Januari na Februari. Upande wa kusini-mashariki basi huoza, na upande unaokaa juani mchana kutwa hupasuka. Simama nje ya nyumba yako na uamue: ukuta upi ni wa maji, na upi ni wa jua. Utakaponunua vifaa, wa maji upewe kwanza.

Kazi ya ukaguzi ifanye mara mbili kwa mwaka. Mara ya kwanza ni Februari, ili uwe na wiki za ukavu za kutengeneza kabla masika hayajaingia. Mara ya pili ni Julai au Agosti, kuona masika yameacha nini.

Hatua ya kwanza: tembea na mvua

Usingoje mvua iishe. Vaa koti, shika tochi, zunguka nyumba mvua ikiwa imeshika kasi. Tazama maji yanapita wapi. Gata linafurika kona ipi? Bomba la paa linamwaga chini au linamwagia ukuta? Roshani inatiririsha maji kwenda nje, au ubao wa sakafu yake umelala ndani na maji yanasimama karibu na ukuta?

Katika mitaa yetu myembamba, maji mengi yanayoua mti hayatoki mbinguni. Yanatoka kwenye kiyoyozi cha jirani kinachodondosha juu ya roshani yako mchana kutwa. Yanatoka kwenye tangi la paani ambalo boya lake halifungi, kwenye vyungu vya maua vilivyopangwa juu ya ubao mtupu, kwenye nguo zinazoanikwa mbichi kwenye ukingo uleule kila siku. Tone moja linaloanguka mahali pamoja miezi sita ni baya kuliko mvua ya usiku mmoja. Kwa habari ya kiyoyozi cha jirani, nenda umwambie kwa uzuri, na ubebe mwenyewe mpira wa kupitishia maji. Ni shilingi chache, na ujirani unabaki.

Gata lisafishwe kabla ya masika na katikati yake. Kunguru huangusha humo vijiti vya viota, mifupa na karatasi za plastiki, na gata lililoziba hurudisha maji moja kwa moja kwenye vichwa vya mbao za paa.

Hatua ya pili: gonga, choma, andika

Vifaa ni vichache: ngazi, tochi, nyundo ndogo, bisibisi nyembamba, chaki na daftari.

Boriti nzima ukiigonga hulia, sauti kavu inayorudi mkononi. Iliyoliwa ndani ni bubu, au inatoa sauti ya debe tupu. Anza katikati ya boriti ili ujue sauti yake nzuri ikoje, kisha sogea kuelekea ukutani ukigonga kila shubiri. Sauti ikibadilika, weka alama ya chaki. Hapo ndipo unapochoma kwa bisibisi. Ikiingia chini ya nusu sentimita kisha ikagoma, mti bado una nguvu. Ikiingia sentimita mbili bila wewe kusukuma sana, una kazi ya kufanya.

Vichwa vya boriti, zile shubiri mbili za mwisho zinazoingia ukutani, ndivyo vya kuchunguzwa kuliko kitu kingine chochote ndani ya nyumba. Katikati ya boriti hupata hewa na kukauka. Kichwa kimefungiwa ndani ya jiwe, na jiwe la matumbawe hunywa maji kama sifongo. Mti ambao unyevu wake uko chini ya asilimia 20 hauozi; hilo watu wa mbao wanalijua dunia nzima. Kipimo cha unyevu chenye sindano mbili huuzwa siku hizi, na kama una nyumba kubwa ninakushauri ununue. Kama huna, kiganja cha yule mzee kinatosha: ukuta wenye maji ni baridi kuliko wenzake, hata mchana wa Februari.

Maeneo mengine ya kuchoma: miguu ya miimo ya mlango, kizingiti cha chini, mikono ya mbao inayobeba roshani pale inapotoka ukutani, mbao za chini za madirisha, na mahali popote mbao mbili zinapokutana na kuacha mwanya wa kushika maji.

Andika namba ya boriti, tarehe na kina cha bisibisi. Mwaka ujao daftari hilo litakwambia kama ugonjwa unasonga au umesimama, jambo ambalo jicho haliwezi kukumbuka.

Hatua ya tatu: ukuta upumue

Hapa ndipo nyumba nyingi za Mji wa Kale zimeumizwa na watu waliotaka kuzisaidia. Ukuta wa zamani ni mawe ya matumbawe yaliyounganishwa na kusiribwa kwa chokaa. Unanywa maji ya masika, kisha unayatoa polepole kaskazi ikiingia, kwa sababu chokaa hupitisha unyevu. Ukija kuusiriba kwa saruji, umeufunga mdomo. Maji yaliyoingia kupitia ufa mdogo au kutoka chini hayana pa kutokea ila upande wa ndani, na kitu laini kuliko vyote kilichomo ndani ya ukuta huo ni kichwa cha boriti.

Dalili zake utazijua: rangi inabanduka kama maganda, chumvi nyeupe inachipuka ukutani kama unga, na plasta ukiigonga inatoa sauti ya utupu.

Dawa kamili ni kubandua saruji yote na kurudisha chokaa. Ni kazi kubwa na si kila mtu ana uwezo kwa mara moja. Anza basi na kuzunguka vichwa vya boriti. Bandua saruji sentimita 30 hivi kila upande, kwa patasi na nyundo, usitumie mashine ya kutetemesha kwa sababu mawe haya hulegea. Acha pakauke wiki kadhaa, vizuri zaidi kaskazi nzima. Kisha siriba kwa chokaa sehemu moja na mchanga sehemu tatu. Chokaa ya mfuko iloweke ndani ya maji usiku kucha kabla ya kuchanganya, inakuwa laini na inashika vizuri. Mchanga uwe uliooshwa. Mchanga wa pwani una chumvi, na chumvi huvuta unyevu milele. Paka tabaka nyembamba, kisha funika kwa gunia bichi siku tatu nne ili lisipasuke kwa kukauka haraka. Kuzunguka kichwa chenyewe cha boriti acha mwanya mdogo wa hewa, upana wa kidole, usikijaze. Vaa miwani na glavu: chokaa mbichi machoni ni hatari kubwa.

Kabla hujagusa upande wa nje wa nyumba iliyo ndani ya eneo la uhifadhi la Mji wa Kale, pita kwenye ofisi ya uhifadhi iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inalinda majengo haya, na kubadilisha roshani, mlango wa nakshi au sura ya ukuta bila idhini kunaweza kukuletea matatizo. Kuna faida nyingine: ukiuliza huko utaelekezwa kwa mafundi wanaojua chokaa, ambao wamekuwa adimu.

Hatua ya nne: mjue anayekula

Kila mdudu ana dawa yake, na anayepulizia bila kujua anapoteza pesa.

Mchwa wa ardhini wanaishi chini na wanahitaji unyevu. Hawawezi kutembea juani, kwa hiyo hujenga njia za udongo, nyembamba kama penseli, zikipanda ukutani au nyuma ya fremu ya mlango. Ukiiona njia, usiifute yote. Vunja shubiri moja katikati, weka tarehe kwa chaki, rudi baada ya siku nne. Ikiwa imejengwa upya, wamo. Ikiwa imebaki wazi na kavu, huenda wameshahama, ila endelea kuitazama.

Mchwa wa mbao kavu ni tofauti kabisa. Hawahitaji ardhi wala maji. Wanaishi ndani ya ubao wenyewe, hata wa kabati au fremu ya picha. Hawajengi njia ya udongo. Wanachoacha ni punje ndogo zinazomwagika kutoka kitundu kidogo, kama mchanga wa kahawia, na ukizitazama kwa lenzi kila punje ina pande sita. Hakuna mdudu mwingine wa nyumbani anayeacha alama hiyo.

Dumuzi ni mbawakawa mdogo wa mbao. Mtoto wake ndiye anayebungua, na yeye mwenyewe hutoka kwa kitundu cha duara cha milimita moja au mbili. Anachoacha ni unga laini kama poda. Anapenda ule mti mweupe wa nje, karibu na gome, wenye wanga. Kiini cheusi cha mbao nzuri kama mvule, msaji au mbambakofi humshinda. Ndiyo maana boriti iliyowekwa na gome lake ni karamu ya dumuzi, na iliyoambuliwa vizuri hudumu.

Vitundu vya zamani peke yake si kitu. Tandaza karatasi nyeusi chini ya mahali unapopashuku, uiache wiki moja. Unga au punje mpya zikionekana, kazi inaendelea humo. Kumbikumbi wanaporuka baada ya mvua za kwanza na asubuhi ukakuta mbawa zao zimerundikana dirishani kwa ndani, huenda hao wametoka ndani ya nyumba yako, si nje.

Hatua ya tano: dawa yenyewe

Kwa mchwa wa ardhini, kwanza ondoa daraja. Kuni zilizoegemezwa ukutani, maboksi, ubao wa zamani uliofukiwa, mchanga uliorundikwa mpaka ukafika kwenye mbao: vyote viondoke. Kisha unachimba mfereji kando ya msingi, upana na kina cha sentimita 15 au zaidi, unamwaga dawa ya mchwa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, unafukia. Nunua dawa iliyosajiliwa na bodi ya serikali ya dawa za wadudu, yenye namba ya usajili kwenye lebo, si ile ya kupimiwa kwenye chupa ya soda. Na hili naliandika kwa uzito wote: nyumba nyingi za mjini zina kisima, chako au cha jirani. Usimwage dawa ya ardhini karibu na kisima. Hapo tumia njia ya chambo, au mwite mtaalamu mwenye leseni umwonyeshe kisima kilipo kabla hajafungua mkoba.

Kwa dumuzi na mchwa wa mbao kavu ninapenda boraksi na asidi ya boriki. Haina harufu, inaingia ndani ya mti, na inazuia pia kuvu inayoozesha. Kwa lita 20 za maji ya moto tia boraksi kilo 1.2 na asidi ya boriki gramu 800, koroga mpaka iyeyuke. Paka kwa brashi kwenye mti mtupu, usio na rangi wala vanishi, mara tatu, kila mara mti ukiwa umeshanywa. Kwenye kichwa cha boriti toboa matundu ya milimita 5 yanayoelekea chini, sentimita 20 kutoka tundu hadi tundu, jaza kwa sindano ya duka la dawa, rudia mpaka mti ukatae, kisha ziba kwa vijiti. Glavu ni lazima, watoto na mama mjamzito wakae mbali, na masalio yasimwagwe kwenye mimea kwa sababu huiua. Kasoro yake ni moja: mvua huiosha. Inafaa kwa mti ulio ndani, au wa nje utakaofunikwa kwa mafuta au rangi.

Watu wataniuliza kuhusu oili chafu ya gereji. Imepakwa kwenye nguzo za Pwani tangu magari yaje, na najua kwa nini: ni ya bure. Lakini haiingii ndani ya mti, inabaki juu juu, inachafua udongo na mikono ya watoto, na ina madini ya sumu kutoka kwenye injini. Nyumbani kwangu haiingii.

Boriti ikishakufa

Ikiwa zaidi ya theluthi ya unene wa kichwa imelika, usiipake, ibadilishe. Kabla ya yote tegemeza dari kwa nguzo za mvinje zenye ubao wa kukanyagia chini na juu, pande zote mbili za boriti mbovu. Dari ya zamani ni vipande vya mawe na chokaa, uzito wake si wa kuchezea, na kazi hii haifanywi na mtu mmoja. Badilisha moja kwa wakati, kamwe si tatu pamoja.

Boriti hizi ni miti ya mikoko, na kwa muuzaji utasikia majina ya unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Kwa dari unataka boriti kamili, sentimita 11 na kitu hadi 14, iliyonyooka na iliyokauka. Mbichi itapinda na kuvunja sakafu iliyo juu yake. Urefu wake wa mita mbili na nusu au tatu ndio ulioamua upana wa vyumba vya babu zetu. Muulize muuzaji kibali cha Shirika la Huduma za Misitu la Kenya. Mikoko haikatwi ovyo, na mwaka 2018 serikali ilifika hadi kusimamisha ukataji katika misitu ya umma. Ukinunua mti wa wizi unaiba pia mazalio ya samaki wanaolisha mji huu.

Ambua gome lote. Loweka vichwa ndani ya maji ya boraksi siku mbili tatu, acha ikauke kivulini, ndipo uipandishe. Ukutani iketi juu ya kipande cha jiwe gumu, isilale moja kwa moja kwenye chokaa bichi, na ule mwanya wa hewa usiusahau.

Mlango

Mlango wa nakshi unataka mkono mwepesi. Nimeona mmoja, mtaa wa pili kutoka kwetu, uliopigwa msasa wa mashine mpaka maua ya mfaa, ule mti wa katikati ya mlango, yakawa mabonde matupu. Kazi ya vizazi ikaisha kwa mchana mmoja.

Anza kwa kuosha. Brashi laini ya meno, kitambaa, na maji matamu. Maji ya visima vya mjini mengi yana chumvi, na chumvi ndiyo unayotaka kuiondoa. Usimwage ndoo, futa tu, kisha acha mlango ukauke siku mbili. Vanishi ya zamani iliyopasuka itoe kwa dawa ya kubandulia rangi na kijiti cha mwanzi kilichochongwa, ukifuata mchoro. Vanishi hung'aa vizuri mwaka wa kwanza, lakini jua letu huipasua, maji yanaingia chini yake yasiweze kutoka, na mti unapata mabaka meusi. Mafuta ya linsidi, yaani ya mbegu za kitani, yanayouzwa yakiwa yameshachemshwa, ni bora kwa mlango: yanaingia, hayabanduki, na mwaka ujao unaongeza juu bila kukwangua.

Fanya kazi hii asubuhi au jioni, si juani. Changanya mafuta na tapentaini nusu kwa nusu kwa mkono wa kwanza ili yapenye. Paka, ngoja dakika 20, futa yote yaliyobaki juu. Mafuta yanayoachwa hugeuka gundi na kushika vumbi. Mkono wa pili, mafuta matupu, baada ya siku mbili. Miguu ya miimo na upande wa chini wa mbao za mlango, ambako hakuna anayepaka kwa sababu hakuonekani, ndiko upake mara nyingi zaidi. Weka kioo kidogo sakafuni utaona unachofanya.

Vitambaa vya mafuta ya linsidi visikunjwe na kutupwa kwenye pipa. Vikikauka vikiwa vimerundikwa hujipasha joto vyenyewe na vinaweza kuwaka moto bila kiberiti. Vitandaze nje kimoja kimoja mpaka vikauke vigumu, au vitumbukize kwenye ndoo ya maji.

Misumari ya shaba ipanguswe kwa kitambaa kikavu tu. Ukilazimika kupigilia msumari mpya mahali popote pa nje, uwe wa shaba au wa chuma kisichoshika kutu. Msumari wa kawaida hewani kwetu huanza kutu mapema, unavimba, unapasua ubao, na ufa huo ndio mlango wa maji.

Roshani na mabanda

Roshani ipakwe rangi, si mafuta, kwa sababu inakaa nje mwaka mzima. Kwangua iliyobanduka, paka mti mtupu dawa, halafu praima, halafu rangi mikono miwili, na vichwa vya mbao vilivyokatwa vipate mkono wa tatu kwa sababu ndivyo vinavyonywa. Ubao wa juu wa ukingo uwe na mteremko mdogo wa kuelekea nje. Mikono inayobeba roshani ikizamisha bisibisi, funga roshani siku hiyohiyo, asisimame mtu, na mwite fundi.

Banda la nguzo lina tatizo moja kubwa, pale nguzo inapotoka ardhini. Hapo kuna maji na hewa pamoja, na hapo ndipo inapokatika. Usiizike nguzo kwenye saruji kama kikombe, maji yatasimama humo. Iketishe juu ya kiatu cha chuma kilichopandishwa sentimita 15 juu ya ardhi, au juu ya jiwe. Makuti yasukwe kwa karibu na paa liwe na mwinuko mkali ili maji yakimbie. Paa la kulala huoza haraka na kulowesha pau zake. Jiko la mkaa lisiwe chini ya makuti, hata siku moja.

Masalio

Mwisho wa kazi utabaki na vipande. Boriti za zamani zenye mdudu zisiwekwe uani "zitafaa siku moja". Zitoke nje ya nyumba wiki hiyohiyo. Vipande safi vya mikoko vinaweza kwenda jikoni. Lakini mbao zilizopakwa dawa, na hasa nguzo zile za kijani zilizotiwa dawa kiwandani, zisichomwe hata kwa kuchemshia maji ya kuogea: moshi na jivu la zile za kijani lina sumu ya aseniki. Zifunge, uziandike kwa chaki "dawa", uwape wanaozoa taka ukiwaambia ni nini, ili zisiishie chini ya sufuria ya mama anayekaanga viazi kona ya pili.